Udongo wa Ghorofa ya Nne

Mti wa kwanza kufa ulikuwa mpera, nikamlaumu mmwagiliaji. Wa pili ulikuwa mlonge, nikalilaumu jua. Mlonge! Mti ambao ukichomeka fimbo yake nyuma ya choo unaota bila kuombwa. Ilipofika Juni, miti kumi na mmoja kati ya ishirini ya ghorofa ya nne ilikuwa imesimama mikavu, na mimi nilikuwa nimeshamlaumu kila mtu isipokuwa aliyestahili.

Naitwa Mbuke. Ni msanifu wa majengo, ingawa mtaa mzima wa Kambarage, hapa Shinyanga, unaniita Injinia, nami nimechoka kuwasahihisha. Jengo lenyewe ni la Masudi, mwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, na makarasha ya kusagia mawe yake kule Rwamgasa. Alikuja ofisini kwangu na simu mkononi, akanionyesha picha ya ghorofa la ughaibuni lililojaa majani kila kibaraza. "Nataka hivi," alisema, "lakini kwa jua la Shinyanga." Wateja wangu wengine wote huwa wanataka vioo vya bluu na simba wawili wa saruji getini. Nusura nimkumbatie yule mzee.

Kwetu kijijini Didia, baba alikuwa na ngitili: kipande cha ardhi kinachofungwa wakati wa mvua, nyasi na miti viachwe vikue, ng'ombe wasitie mguu mpaka kiangazi kikaze. Watu wote waliokata miti yao walikuja kuomba kivuli na majani kwetu. Kwa hiyo chuoni, mwalimu alipotueleza majengo ya kijani kama vile kitu kilichovumbuliwa juzi na watu wenye tai, mimi nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Niliwaza kwamba hiyo ni ngitili tu, ila imesimamishwa wima. Nikachora hivyo: chini maduka, juu yake ghorofa mbili za makazi, na ya nne bustani peke yake, ya kila mtu, yenye miti na vitanda vya mchicha. Maji ya kuogea yachujwe kwenye changarawe, yapandishwe kwa pampu, yanyweshe miti. Masanduku ya zege yenye kina cha mita moja. Na pembeni ya mchoro nikaandika kwa mkono wangu: *Udongo uwe wa kichuguu kutoka Didia, uchanganywe na samadi ya ng'ombe.*

Nilitaka mji ule ufunge mdomo. Nilitaka wanaojenga mabati juu ya mabati, wakakata hadi mwarobaini wa mwisho ili kuongeza fremu ya duka, wapite chini ya jengo langu kiangazi na kusikia ubaridi. Ndiyo, nilikuwa na kiburi. Sikatai.

Wapangaji wa kwanza nilikwenda kuwaomba mwenyewe, na wa kwanza kabisa alikuwa dada yangu Agnetha na mumewe Edward. Edward alipata fremu ya kuuzia vipuri vya pikipiki chini, wakahamia nyumba ya ghorofa ya pili mwezi Februari. Agnetha ni mwalimu wa shule ya msingi. Ana miaka thelathini na minane, na wenzake wote wa rika lake wanaitwa Mama fulani, Mama fulani. Yeye ni Mwalimu Agnetha. Mimba tatu zilimtoka, na kila mara alirudi darasani baada ya wiki moja, akaendelea kufundisha watoto wa wenzake. Hii ya nne ilivuka mwezi wa tatu, ikavuka wa nne, na sisi tukawa tunazungumza kwa sauti ndogo kama watu waliobeba yai. Hatukununua hata soksi. Mama peke yake, kule Didia, ndiye aliyekwisha kumpa mtoto jina la baba yetu marehemu, Bujiku, na hakutaka ushauri wa mtu.

Mimba ya Agnetha ilitaka udongo. Hilo si jambo la ajabu kwetu; wanawake wengi hununua ule wa vipande sokoni. Lakini mama hauamini udongo wa sokoni. Kwetu binti akiwa mjamzito hutumiwa udongo wa kichuguu kilicho nyuma ya nyumba yetu, uliopepetwa na kukaushwa juani, na mama ana hakika kwamba zile mimba tatu zilitoka kwa sababu Agnetha wakati huo alikuwa akiishi mbali na hakuupata. Mwezi Machi alishuka stendi na mfuko wa kilo mbili hivi, umefungwa kwenye kipande cha kanga, akanikabidhi mimi kwa kuwa Agnetha alikuwa shuleni.

"Mpelekee leo, ng'wanone, mwanangu," aliniambia. "Leo, siyo kesho."

Nilikuwa na wageni siku ile, watu wa halmashauri waliokuja kuliona jengo. Mfuko nikauweka mezani. Feni ilikuwa inapeperusha michoro, nikausogeza juu yake, na pale ukakaa. Siku mbili baadaye Agnetha alinipigia kuulizia udongo wake. Nilimjibu huku nacheka.

"Dada, wewe una ghorofa nzima ya udongo wa Didia juu ya kichwa chako, halafu unalilia kifuko? Panda ngazi ukachote."

Naye akacheka. Nakumbuka alicheka sana.

Aprili alianza kulalamika kwamba mdomo una ladha ya chuma, kama amemumunya msumari. Mei mkono wake ulianza kutetemeka. Wanafunzi walimcheka kwa mwandiko wake ubaoni. Wote tulikuwa na jibu. Mimba ya uzee ina mambo yake, tulisema. Kliniki walimwandikia vidonge vya damu. Mimi sikuwa na nafasi ya kuwaza zaidi ya hapo, kwa sababu miti yangu ilikuwa inakufa na watu wa mji walikuwa wameanza kuinua shingo wanapopita, wakanyooshea vidole matawi makavu. Kinyozi mmoja wa mtaani alilibatiza jengo "Makaburini". Nilikonda kwa ajili ya miti.

Asubuhi moja ya Juni nilichukua jembe mwenyewe nikapanda juu. Nilifukua kwenye shina la mkwaju. Udongo mwekundu, udongo wetu, ulikuwa na kina cha kiganja changu tu. Chini yake palikuwa na mchanga wa kijivu, laini, mzito, hadi kwenye zege. Nikahamia sanduku la pili, la tatu, la tano. Yote hivyo hivyo.

Nilimpigia Herman, fundi mkuu.

"Injinia, mimi niliambiwa na mwenye jengo," alisema. "Aliniambia mchanga atauleta yeye kwa malori yake, wa Didia nitandaze juu tu, upendeze."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa Mwanza siku ile. Nilipokupigia ulisema upo kwenye mkutano. Uliporudi ukasaini."

Ni kweli. Nilikuwa Mwanza, kwenye ukumbi wenye viyoyozi, nikiwaeleza watu jinsi ngitili inavyoweza kupandishwa ghorofani. Niliporudi nilikuta masanduku yamejaa udongo mwekundu unaonukia nyumbani, nikapiga nao picha, na kwenye fomu ya Herman nikaweka sahihi chini ya maneno *Nimekagua na kuridhika.* Sikuingiza hata kidole.

Nilidhani ni mchanga wa mto. Nilidhani Masudi amenibania udongo kwa ubahili wa kawaida wa wateja, na kwamba miti imekufa kwa njaa. Niliwasha gari niende Rwamgasa kumwambia ana kwa ana kwamba ameniharibia jina. Njia nzima, kupita Kahama mpaka Katoro, nilikuwa napanga maneno. Sikumuwaza Agnetha hata mara moja.

Nilimkuta Masudi amekaa chini ya turubai karibu na makarasha yake, na mlio wa mawe yanayosagwa ulikuwa unatikisa hadi meza. Hasira zote zile, bado nilimwamkia, maana ndivyo tulivyolelewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Injinia! Karibu machimboni. Mletee chai huyu."

"Mzee, umeweka mchanga kwenye bustani yangu."

Hakuona haya hata kidogo. Alisogeza kiti karibu, akashusha sauti kama anayenipa siri ya familia.

"Siyo mchanga, binti yangu. Ni marudio." Alionyesha lundo la kijivu nyuma yake, kubwa kuliko nyumba. "Ya duara langu namba tatu. Yamesagwa, yameoshwa, tumetoa dhahabu ya kwanza, lakini bado yana kitu. Nikiyaacha hapa wananiibia. Ukilala, ukiamka lundo limepungua. Nikawaza, nani atapanda ghorofa nne Shinyanga kuiba mchanga wa maua? Hiyo ndiyo akiba yangu. Bei ikinipendeza nateremsha, napeleka kwa watu wa sayanaidi waikamue dhahabu iliyobaki, na wewe unapanda miti mingine."

Nilimwangalia. Yule mzee hakuwa ananitania. Mimi nilichora bustani, yeye akaona kibubu. Huku kwao kila mwenye karasha hulinda marudio yake kama mfugaji anavyolinda zizi, na kwa akili ya dhahabu alikuwa amefanya jambo la busara kabisa.

"Mmeyaosha kwa kitu gani?" niliuliza, ingawa nilijua. Hakuna mtu aliyekulia kanda hii asiyejua.

"Kwa zebaki, kitu gani tena? Lakini zebaki si inaondoka na dhahabu? Inayobaki ni kidogo tu. Sisi hapa tunaoga nayo, na tupo." Aliinua kikombe kwa mikono yote miwili, na hata hivyo chai ilimwagikia kwenye kanzu. Nilikuwa nimeiona mikono ile ikitetemeka tangu siku ya kwanza ofisini. Nilidhani ni uzee.

Niliinuka nikaenda nyuma ya gari, mbali na mlio. Nilikosea namba mara mbili.

"Dada, mchicha wa bustanini umeula?"

"Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, dada. Mchicha umeula?"

"Marahaba. Mchicha upi, wewe mtu? Mchicha wako uligoma kuota, hata jani moja sikulichuma. Mbona unahema hivyo?"

Niliegemea mlango wa gari. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilimshukuru kwa kila mti uliokufa, kwa kila mbegu iliyooza, na machozi yalikuwa yananitoka kwa furaha.

"Mimi huko juu shughuli yangu ni udongo tu," Agnetha aliendelea. "Nikitoka shule napanda, napunga upepo, nachota wangu. Wa juu una samadi, siutaki. Nachimbua chini kidogo, ndiko ulipo laini. Mbuke? Upo?"

Nilifungua mlango wa gari, nikakaa.

"Mbuke, si ulisema nichote?"

Nilimuuliza ni kiasi gani. Alisema kijiko, viwili, hamu ikimbana hata vitatu, kila siku tangu Machi. Alikuwa bado anacheka kidogo, anadhani nataka kumtania kwamba atanimalizia bustani. Nilimwambia afunge mlango, amwite Edward dukani, waende hospitali sasa hivi, na wabebe mfuko wa udongo ule ili daktari auone. Akauliza swali moja tu, kwa sauti ya kimwalimu, kavu kabisa.

"Siyo wa Didia?"

"Siyo wa Didia, dada."

Akakata simu.

Masudi alinifuata hadi kwenye gari. Alisema nisiende kupiga kelele mjini, wapangaji watakimbia, tutaondoa mchanga taratibu. Nilimwambia dada yangu mjamzito ameula. Alisimama pale, mdomo wazi, akijikanda vidole.

"Ameula?" alisema. "Nani anakula marudio?"

Nilirudi njia ile ile, mwendo wa karibu nusu siku, na sikumbuki mji hata mmoja niliopita. Nakumbuka hesabu moja tu niliyokuwa nikiirudia: Machi, Aprili, Mei, Juni. Kuna mahali niliegesha pembeni nikapiga kelele ndani ya gari mpaka koo likaniuma, kisha nikaendelea. Nilimwomba Mungu mambo ya kipuuzi. Nilimwambia achukue jengo. Nilimwambia aangushe ghorofa zote nne, mimi niwe ndani, amwache yule mtoto.

Nilifika hospitali jua likizama. Daktari Violeth alinitoa nje ya wodi, kwenye benchi. Moyo wa mtoto unapiga, alisema. Wamechukua damu na nywele za Agnetha, zinapelekwa mbali kupimwa, na majibu yatachukua siku. Nilimuuliza mtoto atakuwaje. Alisema hajui. Nikamuuliza tena kwa maneno mengine, akaniambia kwa upole kwamba hata nikiuliza mara kumi bado hajui. Mtoto anaweza kuzaliwa na asionyeshe kitu, au akaonyesha baada ya mwaka, akishindwa kukaa, au mimba isifike huko.

"Udongo ule kabla ya kuwekwa ulipimwa na nani?" aliuliza, kalamu mkononi.

"Hakuna aliyepima."

"Aliyeukagua je?"

"Mimi."

Akaandika.

Edward alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Nilimwamkia, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutazama viatu vyake. Laiti angenipiga kofi.

Kabla ya kwenda kulala nilipita kwenye jengo, nikagonga mlango kwa mlango, familia zote nne zilizokwisha kuhamia, nikawaambia mwenyewe: msiguse udongo, msile chochote kilichoota, watoto wasipande juu. Mama mmoja aliniuliza kama anaweza kuendelea kuanika nguo kule. Nilifunga mlango wa ngazi kwa kufuli na nikabandika karatasi. Masudi alinipigia mara tisa, sikupokea. Asubuhi nilikuwa nimeshakwenda mwenyewe kwenye ofisi ya mazingira na fomu yangu yenye sahihi, nikaiweka mezani. Wataifanyia watakalotaka.

Nilipofika wodini Agnetha alikuwa ameketi, mto mgongoni. Midomo ilikuwa imepauka. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikaanza yale maneno niliyoyaandaa usiku kucha, na yeye akaniinulia mkono ninyamaze, kama anavyowafanyia wanafunzi.

"Hamu bado ipo," alisema. "Unaona maajabu haya? Nimeambiwa nilichokuwa nakula, na bado mate yananijaa. Mama anasema alinitumia wangu. Alikupa wewe mwezi wa tatu."

Mama alikuwa njiani anakuja; kumbe walikuwa wameshazungumza.

"Udongo wangu uko wapi, Mbuke?"

"Upo ofisini."

"Uliumwaga?"

"Sikuumwaga. Upo mezani."

"Kaniletee."

Ofisi yangu ni mtaa wa pili tu kutoka pale hospitali. Mfuko ulikuwa mahali pake, kipande cha kanga kimefifia upande mmoja kwa jua la dirishani. Nilipouinua, feni ikachukua michoro ya ghorofa, karatasi zote, zikasambaa sakafuni. Nilizikanyaga nikitoka.

Agnetha alifungua fundo mwenyewe, taratibu kwa sababu ya mikono yake. Daktari alikuwa amemkataza kutia chochote mdomoni, na hakutia. Alichukua bonge dogo, akalilowesha kwa tone la maji ya kikombe, akalipeleka puani. Alifumba macho. Harufu ilinifikia hata mimi, ile harufu ya uwanja wetu mvua ya kwanza ikidondoka, na nikamwona dada yangu analia kwa mara ya kwanza tangu mimba ya kwanza kutoka.

"Huu ndio," alisema. "Ule wa juu haukuwa na harufu hii, na ule ukijivu nikadhani ni wa unyevu. Siku ya kwanza kabisa niligundua. Nikasema hapana, pua yangu ndiyo mbovu, mimba imeniharibia pua. Mbuke hawezi kuniambia ni wa nyumbani kama siyo wa nyumbani."

Alifunga fundo, akauweka mfuko chini ya mto. Kisha akashtuka, akashika ubavu wa tumbo: mtoto alikuwa anacheza. Siku zote mtoto akicheza, dada huwa ananivuta mkono niguse. Safari hii alikaa tu vile, kiganja chake juu ya tumbo, akitazama mlangoni kama mama amefika.